Filta ya ND, shata na jua la Dodoma: utatuzi wa matatizo ya video za kamera ndogo

Mwongozo huu ni wa zile kamera ndogo za kufunga kwenye kofia ngumu, kifuani au kwenye usukani wa pikipiki, ambazo wengi tunaziita GoPro hata zikiwa za DJI au Insta360. Umepangwa kwa dalili, jinsi wenye kamera wanavyozieleza wenyewe. Chini ya kila dalili inatangulia sababu inayokutwa mara nyingi na ukaguzi usiogharimu kitu. Fuata mpangilio huo kabla ya kwenda kununua filta nyingine.

Kwanza hesabu kidogo, maana bila hiyo mengine yote yatakuwa ya kubahatisha. Karibu kamera zote za aina hii zina tundu la lenzi lisilobadilika, nyingi zikiwa kwenye f/2.8 (namba ya upana wa tundu hilo) au karibu na hapo. Kwa hiyo jua likizidi, kamera inaweza kushusha ISO (wepesi wake wa kushika mwanga) au kufupisha muda wa shata (muda ambao kila picha ya video inapokea mwanga), basi. ISO ikifika 100, kwa kawaida ndiyo chini kabisa, na mzigo wote unabaki kwa shata. Mchana wa jua kali pale Nyerere Square, kwenye f/2.8 na ISO 100, shata itakuwa karibu 1/3200 ya sekunde. Filta ya ND ni kioo cheusi kinachopunguza mwanga ili shata iweze kurefuka, na namba yake inaonyesha mwanga unagawanywa kwa ngapi. Ukiwa na ND8 utapata kama 1/400, ND16 itakupa 1/200, ND32 1/100, na ND64 1/50.

Kanuni ya zamani ya wapiga filamu inasema shata iwe mara mbili ya idadi ya fremu (picha moja moja za video) kwa sekunde: fremu 25 kwa 1/50, fremu 30 kwa 1/60, fremu 60 kwa 1/120. Inafaa sana kamera ikiwa imetulia. Juu ya bodaboda inayoruka mashimo haifai hata kidogo, na malalamiko mengi yanaanzia hapo. Filta ya ND haiondoi mtikisiko. Kazi yake ni kuruhusu ukungu wa mwendo, yaani vitu vinavyosogea kupoteza ukali, uingie kwenye kila fremu, na ukungu huo hautofautishi mti unaopita kando ya njia na kamera inayotikisika.

Dalili: "Video inakata-kata, haina ulaini"

Simamisha video kwenye fremu moja na utazame ardhi iliyo karibu na gurudumu la mbele. Kama kila kokoto lina kingo kali ilhali ulikuwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, shata ilikuwa fupi mno. Ndiyo sababu ya kwanza kwa wingi, hasa video za kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Weka ND, kisha funga shata kwa mkono.

Sababu ya pili inawapata walionunua filta tayari: wameifunga ila setingi zote wameziacha zijiendeshe. Kamera ikiona giza hupandisha ISO, shata inabaki fupi kuliko ulivyotaka, na faida ya filta inapotea. Weka ISO ya chini 100 na ya juu 100 au 200 ukiwa kwenye jua wazi, shata uichague mwenyewe, kisha tazama kioo cha kamera. Kama picha inaungua weupe, filta ni dhaifu. Ikiwa giza, ni kali.

Kama shata ilikuwa sawa na bado inakata, usiilaumu lenzi. Cheza faili hiyohiyo ndani ya kamera. Ikipita vizuri humo ila inakwama kwenye kompyuta au simu, kifaa chako kinashindwa kuimudu video ya 4K iliyobanwa kwa HEVC (mfumo wa kupunguza ukubwa wa faili). Ikikata baada ya kuhariri tu, tazama idadi ya fremu ya mradi: ukirekodi fremu 30 ukazimwaga kwenye mradi wa 25, programu inatupa fremu moja kati ya kila sita, na jicho linaona mruko huo waziwazi kamera inapogeuka taratibu.

Memori kadi huwa ya mwisho kwenye orodha. Tafuta yenye alama ya V30 au U3 (alama za kasi ya kuandika), na ujihadhari na feki. Kadi mbovu kwa kawaida hujitangaza, maana kamera inaacha kurekodi yenyewe au inatoa onyo kwenye kioo.

Dalili: "Imetulia, lakini ukungu unadunda-dunda"

Hii ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Upeo wa macho umekaa sawa, barabara imenyooka, lakini kila baada ya sekunde chache picha nzima inaingia ukungu kisha inarudi safi. Ukitazama kwa muda, kichwa kinauma.

Sababu yake karibu kila mara ni ugomvi kati ya filta kali na kituliza mtikisiko cha kielektroniki, ambacho GoPro wanakiita HyperSmooth, DJI RockSteady na Insta360 FlowState. Kituliza hiki hupima kamera ilivyoyumba, kisha huisogeza kila fremu kuirudisha mahali pake. Kina uwezo wa kuhamisha fremu, lakini ukungu uliokwisha kuingia ndani yake hakiwezi kuutoa. Ukipiga shimo wakati shata iko 1/50, fremu ile inapata ukungu wa mtikisiko, halafu inawekwa katikati imetulia kabisa. Jicho linaona kitu kilichosimama ghafla kikapoteza ukali bila sababu.

Kuthibitisha ni rahisi: rudia kipande kilekile cha njia mara mbili, setingi zilezile, mara ya pili ukiwa umezima kituliza. Kama ukungu sasa unaonekana kwenda pamoja na mtikisiko, umempata mhusika.

Tiba ninayoitetea mimi ni kupunguza nguvu ya filta kadiri barabara inavyozidi kuwa mbovu. Kwa jua la mchana na fremu 25 au 30:

- Kamera iko kwenye stendi au kwenye gimbali (kishikio chenye mota za kutuliza kamera) inayoshikwa na mtu anayetembea, kituliza cha kielektroniki kimezimwa: ND64, shata 1/50 au 1/60.
- Gari kwenye lami nzuri, tuseme unaelekea Singida au Morogoro: ND32, shata karibu 1/100.
- Pikipiki kwenye lami, kamera kifuani: ND16, shata karibu 1/200.
- Pikipiki au baiskeli kwenye changarawe na makorongo ya vijijini: ND8, shata karibu 1/400. Au toa filta kabisa, hakuna atakayekudai.

Wapo watakaokwambia 1/200 si shata ya sinema. Ni kweli, ila ni shata ya video inayotazamika. Isitoshe, lenzi pana huonyesha mwendo zaidi pembezoni kuliko katikati, kwa hiyo hata 1/200 inakuachia ukungu wa kutosha kwenye majani ya kando ya njia.

Kukiwa na mawingu mazito ya masika, mwanga hushuka kama hatua tatu (kila hatua ni kupungua kwa nusu), na kazi ya ND64 inafanywa na ND8: zote zilizoandikwa hapo juu zishushe kwa kiwango hicho. ND64 ishuke hadi ND8, ND32 hadi ND4, na hizo nyingine mbili zivuliwe.

Kama dalili hii inatokea jioni bila filta yoyote, sababu ni ileile, ila shata imerefuka yenyewe kwa giza. Ifunge kwenye 1/100 au fupi zaidi, ISO ipande hadi 1600, na uvumilie chenga kidogo.

Dalili: "Picha inacheza kama uji kwenye bakuli"

Hapa mistari iliyonyooka inapinda: nguzo zinanesa, usukani unaonekana wa mpira. Kihisi cha kamera husoma picha mstari kwa mstari kuanzia juu, hakisomi yote kwa mara moja. Injini ya pikipiki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mitetemo 100 kwa sekunde, yaani zaidi ya mitatu ndani ya fremu moja ya video ya fremu 30. Kila mstari unasomwa kamera ikiwa sehemu nyingine.

Kagua kishikizo kwanza. Kaza skrubu zote. Ondoa mikono ya kuongezea urefu, maana kila kiungo kinazidisha mtetemo, na mkono mfupi uliokazwa unashinda mrefu wa bei kubwa. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli ukizungushe kwenye bomba la usukani kabla ya kufunga kishikizo. Fundi yeyote wa pancha atakupa kipande cha tyubu iliyokufa.

Isipotosha, hamishia kamera mwilini, kifuani au kidevuni kwenye kofia. Mwili wa binadamu unameza mtetemo wa injini vizuri mno. Filta ya ND inaweza kuficha uji kidogo kwa kuongeza ukungu, ila huko ni kufunika tu.

Hapa pana maonyo mawili. Usitoboe kofia ngumu kwa skrubu ili kufunga kamera, kwani ganda likitobolewa haliwezi kuaminiwa tena siku ya kuanguka. Na kama kishikizo ni kilekile, njia ni ileile, na video ya wiki hii inatetemeka kuliko ya wiki iliyopita, iache kamera na umwone fundi wa pikipiki. Boliti za injini zilizolegea au beringi ya gurudumu iliyokwisha zinaonekana kwenye video kabla hujazisikia mikononi. Usiendelee kuendesha ukijaribu setingi.

Dalili: "Nimerekodi dirishani kwenye SGR, nje ni michirizi mitupu"

Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, swali hili limekuwa la kawaida. Kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa treni inapita mita 44 hivi kila sekunde. Kwa shata ya 1/50, kichaka kilicho kando ya reli kinasogea karibu sentimita 90 ndani ya fremu moja, na huo ni mchirizi tu. Kwa 1/400 kinasogea kama sentimita 11. Toa filta au bakiza ND8, kisha elekeza kamera kwenye milima ya mbali.

Nguzo kulala upande ni usomaji wa mstari kwa mstari tena, na hakuna filta wala shata inayoutibu. Taswira za ndani ya behewa zikijirudia kwenye kioo, gusisha lenzi kwenye dirisha na uizungushie kitambaa cheusi.

Dalili: "Mwanga unapumua" au "kuna mistari myeusi inapanda na kushuka"

Tenganisha mambo mawili. Ikitokea ndani ya ukumbi, ni umeme. Ikitokea nje, ni kamera kubadili mwanga yenyewe.

Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Kamera nyingi zinafika zikiwa zimewekwa kwa 60 Hz, fremu 30 na 60. Ukirekodi sherehe kwa 1/60 au 1/120, kila fremu inadaka sehemu tofauti ya mmeto na mistari inajitokeza. Ingia kwenye menyu, tafuta setingi ya kuzuia mmeto, weka 50 Hz. Utapata fremu 25 na 50, nawe uchague 1/50 au 1/100. Tatizo likibaki, ni zile taa za LED za mapambo zenye kipunguza mwanga, ambazo humeta kwa mpigo wao wenyewe. Mwombe mwenye ukumbi aziwashe kwa nguvu zote, au ugeuzie kamera upande mwingine. Na filta ivue kabla ya kuingia ndani, tafadhali.

Nje, picha hung'aa na kufifia unapopita chini ya mibuyu au madaraja, au anga linapoingia na kutoka kwenye fremu. Funga shata, iachie ISO nafasi ya kucheza kati ya 100 na 800. Hizo ni hatua tatu za mwanga, zinatosha kivuli cha mti. Chagua filta kwa sehemu yenye jua kali, usichague kwa sehemu ya kivuli.

Dalili: chenga

Filta imesahaulika jioni. Asilimia kubwa ya kesi zinaishia hapo. ND32 baada ya saa kumi na mbili haina kazi. Kama filta haipo, shusha kikomo cha juu cha ISO.

Dalili: "Rangi si zake"

Filta za bei ya chini, hasa ND64 na kuendelea, mara nyingi hupaka picha nzima wekundu au zambarau. Kwa udongo wetu mwekundu unaweza kukaa mwezi mzima bila kugundua, kwa hiyo usipime kwa barabara. Weka karatasi nyeupe juani, funga mizani ya weupe (setingi ya rangi ya mwanga) kwenye 5500K, rekodi bila filta, kisha ukiwa na filta, bila kubadili kitu kingine. Kama karatasi imeegemea rangi moja sawasawa, rekebisha wakati wa kuhariri na uendelee na maisha. Lakini ikiwa karatasi ni nyeupe na nguo nyeusi ndizo zimegeuka kahawia au zambarau, kioo kinapitisha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Hapo mizani ya weupe haisaidii, na filta ni ya kubadilisha.

Anga lenye baka jeusi upande mmoja, linalohama ukigeuza kichwa, ni kazi ya filta ya polaraizi (ya kukata mng'ao). Lenzi pana inashika anga kubwa, na nguvu ya polaraizi hubadilika kulingana na pembe kutoka jua lilipo. Kwenye kofia haifai, iweke kwa picha za mnato. Filta za ND za kuzungusha zina ugonjwa wa jamii hiyo: ukizungusha hadi karibu na mwisho, kivuli cha msalaba kinatokea katikati.

Kona nyeusi husababishwa na fremu nene ya filta au filta mbili zilizobebanishwa. Toa moja, au punguza upana wa picha kwenye menyu.

Dalili: madoa na nukta za mwanga

Elekeza kamera juani kidogo na utazame. Lenzi hizi zinaona karibu sana, kwa hiyo vumbi lililokaa juu ya filta huonekana kama madoa jua likiligonga. Kipindi cha upepo wa Julai na Agosti huku kwetu vumbi haliombi ruhusa. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, halafu ndipo ufute kwa kitambaa cha miwani. Ukianza kufuta, chembe za mchanga zinakwaruza kioo, na mkwaruzo hautoki. Shati halihesabiki kuwa kitambaa cha miwani.

Doa likibaki palepale hata baada ya kuvua filta na kusafisha kioo cha nje, liko ndani. Acha hapo. Usifungue lenzi kwa bisibisi. Mpelekee fundi wa kamera.

Dalili: filta imekwama

Vumbi limeingia kwenye nyuzi au kwenye klipu. Piga brashi kavu kuzunguka ukingo, vaa glavu ya mpira, zungusha taratibu bila kubana sana, kwani kubana kunaipinda pete na kuifunga zaidi. Usitumie koleo. Usitie mafuta, yawe ya kupikia au ya mnyororo, maana yatatambaa hadi kwenye kioo. Ukihisi lenzi yenyewe inazunguka pamoja na filta, simama hapohapo, ni kazi ya fundi.

Kabla ya maji

Kwenye GoPro kuanzia HERO9 hadi HERO12, filta nyingi hukaa mahali pa kifuniko cha lenzi. Ukikivua hicho, kamera haizuii maji tena, isipokuwa filta yenyewe imeandikwa kuwa inazuia. Wanaokwenda Hombolo au Mtera warudishe kifuniko na wakague kama kipira chake hakina mchanga.

Maji yakiingia, zima, toa betri na kadi, usiwashe "kujaribu", usichaji. Usiifukie kwenye mchele pia: unga wake unaingia kwenye matundu, na mchele wa Bahi una kazi nzuri zaidi. Mpelekee fundi siku hiyohiyo.

Betri iliyovimba ina utaratibu wake. Kamera ikiachwa juani kwenye dashibodi inapata joto kali, na betri inaweza kuvimba hadi isitoke. Usiivute kwa kisu, usiitoboe, usiichaji. Iweke kamera mahali pakavu mbali na vitu vinavyoshika moto, na umpigie fundi simu kabla ya kuibeba. Mweleze kamera ni toleo gani na betri imevimba kiasi gani, kwa sababu si kila fundi wa simu anakubali kuitoa.